Misiani: Mwana wa Shirati aliyehamishia nyatiti kwenye gita

WASAFIRI wanaoingia Kisumu kwa barabara kuu itokayo Nairobi hupita Nyamasaria kabla ya kuyaona maji ya ziwa. Ni kitongoji cha pembezoni mwa mji, penye mto, maduka na magari yasiyokoma mchana wala usiku. Wengi hupita hapo na haraka zao, bila kukumbuka kwamba ndipo yalipokatikia maisha ya mtu aliyewachezesha wazazi wao.

Mtu huyo ni Daniel Owino Misiani, almaarufu D.O. Misiani, kiongozi wa bendi ya Shirati Jazz. Alifariki Mei 17, 2006 katika ajali ya barabarani, akiwa abiria ndani ya matatu kama mwananchi yeyote. Alikuwa na umri wa miaka 66, na kwa takriban miaka 40 kati ya hiyo alikuwa akipiga gita kwa watu wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania.

Huko Ulaya alipewa jina la babu wa benga. Wapenzi wake wa Nyanza walimwita Mfalme wa Historia. Majina yote mawili yana ukweli ndani yake, ingawa hakuna hata moja linaloeleza kazi yake kubwa zaidi. Misiani alichukua mapigo ya ala iliyochongwa kwa mkono kijijini, akayatia ndani ya gita la umeme, na mapigo hayo yakakubali kukaa humo.

Mtoto wa mpakani

Misiani alizaliwa Februari 22, 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, karibu na Shirati, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mara nchini Tanzania. Wakati huo nchi ilikuwa Tanganyika chini ya Waingereza. Mpaka ulikuwa mstari kwenye ramani tu, kwa kuwa Wajaluo wa Shirati na wale wa Migori, upande wa Kenya, walizungumza lugha moja, wakaoana na kuzikana.

Shirati ilijulikana kwa jambo lingine pia. Mwaka wa 1934 wamishonari wa Kimenoni kutoka Marekani walifungua hapo misheni yao ya kwanza Tanganyika. Karibu na kanisa kukaja shule na hospitali, na pamoja navyo maadili mapya kuhusu pombe, ngoma na mwenendo wa vijana.

Katika familia ya Misiani muziki haukuwa jambo geni, kwani wazazi wake walikuwa waimbaji. Lakini kuimba ni kitu kimoja na gita ni kingine. Baba yake, mtu wa dini, hakutaka mwanawe ajihusishe na chombo hicho. Wazee wengi wa enzi zile walikihusisha na vilabu vya pombe, uzururaji na kuharibu mabinti za watu.

Hoja ya wazee haikuwa ya kipuuzi. Mpiga gita wa miaka ya 1950 alikuwa mtu wa njiani. Alikuja na gita begani, akapiga kwenye harusi au sokoni, akalipwa pombe na chakula, kesho yake akaondoka. Hakuwa na shamba wala ng'ombe. Mzazi aliyemtakia mwanawe mema hakuona urithi wowote katika maisha ya namna hiyo.

Mkebe, ubao na waya wa breki

Magita ya kiwandani yalikuwa machache katika vijiji vya ziwani. Mengine yaliletwa na askari waliorejea kutoka Vita vya Pili vya Dunia, ambao walikuwa wameyaona na kuyapenda wakiwa ng'ambo. Mengine yalipita Kisumu, mji ambao reli iliufikia mwaka wa 1901 na ambao meli zake ziliunganisha Musoma, Mwanza na Bukoba.

Kwa kijana wa kijijini bei ya gita la dukani ilikuwa ndoto. Ndipo ukazuka mchezo uliowashika watoto wa Afrika Mashariki yote, wa kujiundia magita kwa mikono yao wenyewe. Ilikuwa burudani ya baada ya kuchunga mifugo, na hakuna aliyeihesabu kuwa kazi.

Vifaa vilipatikana jalalani na karakana ya baiskeli. Mkebe wa mafuta ulikuwa tumbo la gita. Ubao mwembamba uliotobolewa na kupigiliwa misumari ukawa shingo. Waya za breki za baiskeli zilichambuliwa, zikatolewa uzi mmoja mmoja na kufungwa kwenye vigingi vya mti. Mtoto wa mvuvi alikuwa na bahati zaidi, kwa kuwa mshipi wa nailoni haukukosekana nyumbani.

Gita la namna hiyo lilikuwa na kasoro zake, na kasoro hizo ndizo zilizokuwa shule. Katika gita la dukani nyuzi hutofautiana unene, na huo unene ndio unaosaidia kutenganisha sauti nene na nyembamba. Waya za breki zina unene mmoja. Aliyetaka sauti tofauti ilibidi azitafute kwa kukaza na kulegeza tu, na kwa kusogeza kijiti kilichoinua nyuzi juu ya mkebe.

Mkebe nao hauna ukarimu wa mbao. Sauti yake ni kali, fupi na yenye mlio wa kukwaruza. Noti hufa mara tu inapopigwa, kwa hiyo mpigaji hulazimika kuifuatisha nyingine upesi kabla ya kimya kuingia. Mtoto aliyejifunza hivyo huzoea kudonoa nyuzi moja moja kwa kasi badala ya kuzikwangura zote pamoja na kuziacha zivume.

Misiani alikuwa wa kizazi hicho. Wapigaji wake na wale walioshindana naye walifika kwenye magita ya umeme wakiwa na vidole vilivyolelewa katika hali hiyo ya uhaba, na atakayesikiliza benga kwa makini atausikia uhaba huo ukiwa umegeuka kuwa ufundi.

Nyuzi nane za wazee

Kabla ya mkebe palikuwa na nyatiti. Hii ndiyo ala kuu ya Wajaluo, na hadi leo hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Fundi huchonga bakuli la mti, akaliwamba ngozi ya ng'ombe, akachomeka miti miwili inayopanda juu na kuifunga kwa mti wa tatu uliolala kama mwamba wa nyumba. Nyuzi nane huteremka kutoka mwamba huo hadi kwenye bakuli. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe, na siku hizi ni mishipi ya kuvulia samaki.

Wazee huifasiri idadi hiyo kwa mafumbo. Husema nyuzi nne ni za siku nne za mwanzo za mtoto wa kiume aliyezaliwa, na nne nyingine ni za siku nne zinazofuata kifo cha mwanamume. Kwa hiyo anayepiga nyatiti hupiga maisha yote, tangu utotoni hadi matangani.

Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala ikiwa imelala ubavuni mwake. Mikono yote miwili hudonoa nyuzi. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia huwa amevaa pete nzito ya chuma iitwayo oduong'o, ambayo huigongesha kwenye mti wa ala, na njuga ziitwazo gara humlia mguuni. Mtu mmoja anakuwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja.

Humo ndimo ilimofichika bendi nzima ya benga. Nyuzi za juu ziligeuka kuwa gita la solo, linaloufuata wimbo neno kwa neno na kumjibu mwimbaji anaponyamaza. Nyuzi za chini zikawa besi, ambayo katika benga haikubali kukaa nyuma kama mtumishi bali huruka na kusema kama mwenye nyumba. Ile pete ya chuma ikawa ngoma kubwa inayokanyagwa kwa mguu, ikipiga bila kuyumba tangu mwanzo hadi mwisho.

Gita la besi lenyewe lilikuwa chombo kichanga. Leo Fender wa California alianza kuuza lile lililouvuma ulimwengu mwaka wa 1951, Misiani akiwa mtoto wa miaka 11. Kule Marekani lilibuniwa ili mpiga besi aepukane na kubeba ala kubwa kuliko yeye. Kando ya Ziwa Victoria lilipewa kazi ambayo mbunifu wake hakuiwaza, ya kurithi nyuzi za chini za nyatiti.

Kuvuka na kuanza

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Misiani alivuka mpaka na kuingia Kenya, nchi iliyokuwa na studio, redio na wafanyabiashara wa sahani za santuri. Alijaribu bahati yake katika vikundi kadhaa kabla ya kuunda kikundi chake katikati ya mwongo huo. Kilibadilisha majina mara nyingi, mara Victoria Boys, mara Shirati Luo Voice, hadi lilipodumu lile la Shirati Jazz, lililorudisha heshima kwa mji alikotoka.

Hakuwa peke yake shambani. Wengi humtaja John Ogara Odondi na kikundi chake cha Ogara Boys kuwa miongoni mwa walioanzisha mtindo huo na hata kuupa jina. George Ramogi alikuwa na wafuasi wake. Baadaye wakaja Ochieng' Nelly na Collela Mazee wa Victoria Jazz. Benga ni mtoto mwenye baba wengi, na ubishi kuhusu nani alimzaa haujapata kuisha katika vilabu vya Kisumu.

Lisilobishaniwa sana ni mchango wa Misiani katika kuipa benga umbo la bendi ya umeme. Magita makavu ya miaka ya 1960 yalipisha yale ya kuunganishwa na spika, mwendo ukaongezeka, na mpangilio ukawa ule unaojulikana hadi leo. Waimbaji wawili au watatu huanza kwa kusimulia kisa kwa sauti zinazoshikana. Kisa kikifika mwisho, waimbaji hunyamaza na magita huachiwa uwanja.

Santuri ndogo za wakati ule ziliufaa mpangilio huo. Upande wa kwanza ulibeba hadithi, nao wa pili ukawa wa wachezaji. Katika miaka ya 1970 sahani hizo zilitoka kwa wingi kutoka kwa wachapishaji wa Nairobi, Kisumu na Kericho, zikiuzwa hadi kwenye masoko ya vijijini ambako kulikuwa na gramafoni moja kwa kijiji kizima.

Mfalme wa Historia

Mpiga nyatiti wa jadi hakuwa mtumbuizaji pekee. Alikuwa mtunza kumbukumbu wa ukoo, msifu wa wakarimu na msema kweli aliyeruhusiwa kumgusa mkubwa kwa lugha ya mafumbo. Misiani aliurithi wadhifa huo pamoja na mapigo.

Nyimbo zake za Kijaluo zilichota visa vya Biblia, historia za koo na hekaya za wanyama. Alisifu marafiki na wafadhili kwa majina, kama desturi ilivyotaka, na alisimulia mapenzi na masaibu yake. Lakini msikilizaji aliyekuwa na masikio alifahamu kwamba mara nyingine mnyama wa kwenye hekaya alikuwa amevaa suti na kukalia kiti serikalini.

Kipindi alichofanyia kazi hiyo kilikuwa kigumu. Tom Mboya aliuawa Nairobi Julai 5, 1969. Oktoba 25 ya mwaka huohuo risasi zilifyatuliwa Kisumu wakati wa ziara ya Rais Jomo Kenyatta ya kufungua hospitali, watu wakafa, na baada ya hapo chama cha Jaramogi Oginga Odinga cha KPU kikapigwa marufuku. Kwa miaka mingi iliyofuata, mtu wa Nyanza aliyetaka kusema jambo kuhusu utawala alichagua maneno kwa tahadhari.

Misiani aliyachagua, na bado hakusalimika. Alikamatwa na kuwekwa ndani zaidi ya mara moja kwa sababu ya tungo zake. Uraia wake nao ulikuwa kamba shingoni, kwa kuwa msanii wa Kenya aliyekosana na wakubwa alihofia jela, ilhali yeye alihofia jela na kufukuzwa nchini pia.

Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ukabaki umefungwa hadi 1983. Mstari ambao babu zake waliuvuka kwenda kuoa ukawa ukuta. Hata hivyo mawimbi ya redio hayakuhitaji pasipoti, na benga iliendelea kusikika Shirati kama ilivyosikika Homa Bay.

Hakuacha mafumbo alipozeeka. Katika miaka yake ya mwisho, baada ya serikali ya NARC kuingia madarakani mwishoni mwa 2002, alitoa wimbo Bim En Bim, unaomhusu nyani na tabia yake isiyobadilika. Wasikilizaji hawakuhitaji mkalimani kujua kwamba wimbo huo haukuhusu wanyama wa porini.

Mbegu zilizopeperushwa mbali

Katika miaka ya 1970 benga ilivuka mipaka ya kabila. Wanamuziki wa Kikuyu kama Daniel Kamau waliitia maneno yao, na Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wakaipeleka Ukambani na kisha kwa Wakenya wote kwa Kiswahili. Gita lililotoka kwenye nyatiti likawa lugha ya vilabu vya nchi nzima.

Safari ya kushangaza zaidi ilikuwa ya kusini. Santuri zilizochapishwa na Phares Oluoch Kanindo zilifika Zimbabwe, ambako vijana wengi walizipenda hata muziki wenyewe ukaitwa kanindo. Mojawapo ya nembo zake iliitwa Sungura, na jina hilo ndilo lililokuja kuwa jina la mtindo mkubwa wa magita wa Zimbabwe. Huko watu hucheza sungura bila kujua kwamba neno hilo ni la Kiswahili.

Ulaya nayo ilisikia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, muziki wa Afrika ulipopata soko London, rekodi za Misiani zilitolewa Uingereza, ikiwamo albamu Benga Blast! ya mwaka wa 1989. Wasikilizaji wasiojua hata neno moja la Kijaluo walinunua kwa sababu ya magita.

Sifa hazikugeuka mali kwa kiwango kilichostahili. Wanamuziki wengi wa benga waliuza nyimbo zao kwa malipo ya mara moja, na santuri iliyouzwa maelfu ya nakala haikumwongezea mtunzi chochote. Kanda zilipoingia miaka ya 1980, kila mwenye mashine mbili alikuwa kiwanda cha kunakili. Misiani aliendelea kuzunguka na bendi, kwa kuwa kilichomlisha ni jukwaa, na jukwaa humtaka mtu awe njiani daima.

Barabara ya mwisho

Ndiyo maana kifo chake kilimkuta njiani. Baba yake alikuwa ameogopa maisha ya kutangatanga ya wapiga magita, na mwana aliyafuata kwa miaka mingi hadi Nyamasaria. Ni rahisi kusema mzee aliona mbali. Lakini mzee hakuona jambo moja, kwamba gita alilolikataa ndilo lingebeba mapigo ya nyatiti hadi London na Harare, wakati ambapo vijana wengi walikuwa wakiyaona mapigo hayo kuwa ya kizamani.

Baada ya kifo chake heshima iliongezeka. Mwaka wa 2008 shirika la Ketebul Music la Nairobi lilitoa kazi ya kufuatilia asili ya benga, ikiwa na masimulizi ya wakongwe waliokuwa hai. Mwaka wa 2010 kampuni ya Sterns ya London ilikusanya nyimbo zake za miaka ya 1970 katika albamu iliyobeba jina lake la heshima, Mfalme wa Historia.

Barabara ya Nyamasaria nayo imepanuliwa, na magari hupita kwa kasi kuliko alivyoijua. Hakuna anayelazimika kupunguza mwendo ili kumkumbuka.

Hata hivyo kumbukumbu yake haikuachiwa barabara. Imo katika karakana za mafundi wachache wanaoendelea kuwamba ngozi kwenye bakuli la mti na kukaza nyuzi nane kwa mkono. Imo pia kwa mtoto yeyote wa ziwani atakayeokota mkebe, ubao na mshipi wa nailoni na kuanza kutafuta sauti. Mzazi atakayemwona ana uhuru wa kumkanya, kama alivyokanywa Misiani. Afadhali asikilize kwanza.